Pumzi za Mkono Mmoja

Muuguzi alipojaribu kumpokea ule mfuko wa mpira, Rispa alimsukuma kwa kiwiko hadi akagonga ukuta. Kisha akaubinya tena, na kifua cha yule mwanamume kitandani kikainuka.

Mashine ya kupumulia haikuwepo katika hospitali ile ya misheni nje ya Homa Bay. Palikuwa na mfuko huo tu, na mkono wa mtu. Rispa alitumia wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Alikubali kupokewa pale tu usingizi ulipomwangusha.

Aliyeuvunja mkono ule ni huyohuyo aliyelala. Kule Ntimaru alimburuta Rispa nje kwa nywele, akaitia nyumba moto. Rispa alipojikinga kichwa, rungu likamshukia mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Hata sasa, akibinya, vidole vyake vilitamani koo la mtu huyo.

Daktari Osoro alimweleza kuwa chanzo cha mtu huyo kupooza ni nyama. Ilichemshwa nusunusu, ikafungiwa ndani ya debe mpaka ikazaa sumu. Wenzake walioila naye walikufa njiani. Sumu hiyo, alisema, haivunji mlango. Hung'ang'ania ncha ya neva, pale neva inapoupa msuli amri, na neva huimeza yenyewe kama kitu chake. Ikishaingia, huikata amri ile. Kope huanguka, ulimi hulala, pumzi hukoma.

"Lakini akili haiguswi," alisema. "Anakusikia, mama. Ncha mpya zikichipuka, atasema tena. Itachukua miezi."

Askari aliyewekwa mlangoni alisema yeye angemwacha afe, ayamalize. Wanawake wa wodini walinong'ona kwamba kuna mapenzi yasiyo na tofauti na kurogwa. Rispa aliwasikia wote, akaendelea kubinya.

Siku moja daktari akauona mkono wake wa kushoto umevimba hata ngumi haikunjiki vizuri.

"Mzee wako amekutenda hivi, na bado unampa pumzi," alimwambia kwa upole. "Ukimwachia Mungu, hakuna atakayekulaumu."

Rispa alingoja daktari atoke, akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio la yule mtu.

"Usife," alimwambia kwa Kikuria. "Ulimi wako ukirudi, utanionyesha mlikomtupa mume wangu."