Mgongo wa Bi Tunu

Namsifu, mwanafunzi wa uhandisi wa viwanda, alikuwa amechoka kusimama. Meneja wa kiwanda cha biskuti alikuwa amempa saa na fomu, apime ni wangapi kati ya wanawake kumi na wawili wanaofunga biskuti kwenye katoni wanaoweza kupunguzwa kazini.

Alianza na Bi Tunu, aliyeinama kwa kila pakiti kuiweka kwenye katoni sakafuni.

"Nikimbie, mwanangu, au niende kama siku zote?"

"Kama siku zote, mama."

Katoni ilijaa kwa dakika tatu.

"Ukimaliza chuo unakuwa nani?"

"Naweza kuwa meneja wa kiwanda. Au nipange foleni za hospitali, watu wasikae sana."

"Kazi nzuri," alisema Bi Tunu, akijishika kiuno.

Namsifu hakuweza kuendelea kutazama. Alivuta makreti mawili matupu, akaweka katoni mpya juu yake. Bi Tunu akafunga bila kuinama.

"Mgongo umepumzika. Mungu akuzidishie."

Namsifu akatazama saa. Dakika mbili. Kwa mwendo huo, wanawake wanane wangetosha kufanya kazi ya kumi na wawili.

Bi Tunu alishaanza katoni nyingine, amesimama wima, akiimba taratibu. Namsifu alishika kalamu juu ya fomu, asiandike.