Gari la Hilkka

Hilkka aliibembeleza gia ya pili, ikakubali, akaipita bendera ya mwisho akiwa wa kwanza. Alizima injini wala hakutabasamu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati juu ya meza ya waamuzi.

"Mama, leo umetulisha vumbi mpaka tumeshiba!" Urpo alipiga kelele kutoka kwenye gari lake lililobonyea. "Nyumbani nitasema nini?"

"Sema umeshindwa na ajuza."

"Na hiyo gia ya pili nimeisikia ikilia! Fundi mzima wewe, kila mwaka inakushinda?"

"Kila mtu ana lake," alijibu Hilkka, macho bado kule mezani.

Sheria ya mbio hizi za kwenye machimbo ya changarawe kila Mfini anaijua. Mbio zikiisha, dereva yeyote aweza kulinunua gari la mwenzake, kwa bei moja ya chini iliyowekwa kwa wote. Anatumbukiza jina lake sandukuni. Wakiwa wengi, inapigwa kura. Ukikataa kuuza, leseni imekwenda na maji. Ndivyo wanavyowazuia wenye pesa wasinunue ushindi.

Tangu Eino, mumewe, afariki, Hilkka hushinda bandani majira yote ya baridi, theluji imeziba njia, redio ikijisemea peke yake, akifufua mkweche mmoja mpaka ungurume kama mpya. Kiangazi kikifika anashindana siku moja, anashinda, gari linachukuliwa. Mwaka juzi lilichukuliwa na kijana wa mji wa Lapua. Mwaka jana, mkunga mmoja mcheka ovyo. Kila mnunuzi ilibidi amfuate hadi shambani, kwa kuwa vipuri vya akiba Hilkka aliviacha huko. Na kila mmoja alirudi tena na tena kwa ajili ya ile gia, naye akawatengenezea bure.

Waamuzi walifungua sanduku. Hilkka alikunja kofia yake mikononi. Alfajiri alikuwa amekanda mkate mtamu wa iliki, ilhali daktari alishamkataza sukari.

Gari la Urpo liliombwa na watu wawili. La buluu, na mmoja.

"La Hilkka..." Mwamuzi alilipindua sanduku, akalitikisa. "Hakuna."

Uwanja mzima ukapiga makofi, watu ambao kwa kawaida hata salamu huwatoka kwa shida. Urpo akaja, kofia mkononi, uso umemwiva kama bwana harusi.

"Tulikubaliana sisi wote, mama. Kazi ya miezi yote ile, halafu mtu anaibeba kwa bei ya kutupa! Tumekuonea vya kutosha. Gari lako hatuligusi tena, mwaka huu wala mwingine. Tunakuacha kwa amani."

Hilkka aliikunjua kofia yake, akaivaa.

"Mna roho nzuri," alisema.

"Ah, mwoneni, machozi ya furaha!" Urpo alicheka, akampiga bega taratibu, akaenda zake kwenye soseji zilizokuwa zikichomwa.

Hilkka alilivuta gari peke yake hadi shambani, akaliingiza bandani. Jikoni, mkate ulikuwa bado umefunikwa kwa kitambaa safi, na kando yake vikombe viwili vya maua. Kimoja alikirudisha kabatini.

Kisha akachukua spana, akarudi bandani, akalala chini ya gari, akaikaza ile nati ya gia ya pili aliyoilegeza jana kwa mkono wake mwenyewe.