Aliowafuata Msituni

"Hakuna kuingia peke yako, dada," mwongoza wageni alisema langoni. "Ungana na wale wawili pale mbele. Wanaelekea maporomoko."

Wale wawili ndio hasa aliokuwa akiwafuata tangu stendi ya mabasi ya mjini. Dada huyo alikuwa mshonaji. Asubuhi ile alipowaona wakipanda basi pamoja, alifunga kibanda chake cha cherehani na kupanda lililofuata.

Mwanamume aligeuka. Alivaa shati la buluu ambalo mshonaji alimshonea kwa mikono yake, na jana tu alimwambia kwamba leo angeshinda kazini. Alipomwona, rangi ilimtoka. Kisha akasema "Karibu," kama anavyokaribishwa mtu baki.

Mshonaji angeweza kuyamwaga yote palepale. Maneno alikwisha kuyapanga ndani ya basi. Lakini yule mwanamke mwenye miwani aliyesimama ubavuni mwa mwanamume alimwahi kwa kicheko.

"Afadhali tumepata mwenzetu. Huyu bwana tangu asubuhi anajibu kwa kichwa tu."

Msitu wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya mji na mashamba, ila ukishaingia, jua hulioni tena. Mvua ilikuwa imekatika lakini majani bado yalidondosha maji shingoni. Mwongozaji alinong'ona akionyesha ndege juu ya tawi. Mshonaji hakumwona ndege. Aliona mkoba wa kike begani kwa mwanamume. Yeye hakuwahi kubebewa hata mfuko wa vitunguu. Tangu wajuane, hawajawahi hata kutembea pamoja mchana.

Wakafika kwenye kidaraja cha mbao.

"Mshike mama mkono, panateleza," mwongozaji alimwambia mwanamume.

Akamshika yule wa miwani. Mshonaji alivuka mwenyewe, meno ameyauma. Nasema sasa, alijiambia. Akajiweka sawa kando ya njia, afungue kinywa, bila kuangalia anakanyaga nini.

Alikanyaga siafu.

Aliruka akijipiga miguu. Mwanamume alipiga hatua moja kumwendea, akasita, akaanza kuikodolea miti macho. Aliyepiga magoti kwenye tope alikuwa yule mwanamke. Alimvua kiatu, akamkunjia suruali, akaanza kuwang'oa siafu mmoja mmoja.

"Nyie tangulieni," aliwaambia wanaume. "Haya ni mambo ya miguu ya wanawake."

Wakatangulia. Mwanamume hakugeuka nyuma.

"Tulia, dada. Ukijikuna wanazidi. Mbona unatetemeka hivyo? Umekula kweli leo?"

"Sijala."

Mwanamke alitoa mfukoni mkate na yai la kuchemsha, akamwekea kiganjani. Mshonaji alikula. Amekuja mpaka huku kumvunjia mtu huyu heshima, na sasa mguu wake umelazwa juu ya paja la mwanamke huyo, unapanguswa tope kwa mtandio wake. Aliyakumbuka maneno ya kwenye basi, jinsi alivyoyachagua moja moja yapate kuuma, akatamani ardhi immeze.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Kwa lipi tena? Siafu si wako."

Mshonaji alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliinamisha uso. Mbele yao maporomoko yalisikika yakinguruma, na sauti ya mwongozaji ikieleza jambo kwa mtu asiyejibu.

Mwanamke alimvisha kiatu. Hakuinua macho; alizifunga kamba taratibu, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule.

"Huyu bwana alinioa nikiwa msichana," alisema. "Kila akichelewa kurudi nyumbani nilikuwa nakuwaza wewe, na leo langoni, rangi ilipomtoka, nikakujua mara moja. Maliza yai, dada, kurudi ni mlima."