Ugwe wa Kano

Mshale wa Mulei uliondoka kivivu, ukaanguka kabla ya kulifikia gunia la shabaha. Mkewe, Syokau, alicheka hadi akashika mbavu.

"Upinde hauna kosa," alisema. "Kosa ni huo ugwe wa nailoni. Unavutika kama mpira, unakula nguvu zote, mshale unaachiwa makombo."

Mulei alijua. Ugwe wake wa kano za fahali, uliorusha mshale jicho lisiuone, ulikuwa umekatika. Aliyeusokota ni Kyalo, mdogo wake, jirani wa ng'ambo ya ua wa michongoma. Tangu wagombanie mpaka wa shamba, hata salamu hawakupeana. Na mashindano ya kulenga shabaha yalikuwa wiki ijayo.

Akachukua kano kavu, akaenda kusimama penye ua. Kyalo alimtazama kaka yake, akazitazama kano. Alizigawa, nusu akatia mdomoni kuzilainisha, nusu akamrudishia Mulei.

Wakatafuna. Mwenye kano mdomoni hawezi kugomba. Zilipolainika, kila mmoja akashika ncha yake, wakaanza kusokota. Ugwe ulipita juu ya michongoma, umekazwa pande zote mbili, na hakuna aliyethubutu kuachia.