Wasubiri

Mzee Vuai aliushika mkono wa bwana harusi, na mikono yote miwili ikaanza kutetemeka. Msikiti mzima ulimtazama mdomoni, ukingoja neno la baba la kumwozesha bintiye.

"Nimeku..." alisema, akakwama.

Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umeifinya sauti yake hadi ikabaki mnong'ono, na siku hizi maneno yalimponyoka yakiwa tayari ulimini.

Mdogo wake, Khatibu, akamwinamia. "Kaka, mpe sheikhe uwakala, aozeshe yeye. Watu wanasubiri."

"Wasubiri." Hilo lilitoka bila kukwama.

"Basi nikukumbushe. Jina la binti ni..."

"Khatibu!" Mzee alimkazia macho mpaka akarudi nyuma. "Jina nilimpa mimi." Akavuta pumzi. "Zimeni pangaboi hilo. Linanimezea sauti."

Pangaboi likazimwa. Mtu mmoja alikohoa, kisha akajuta. Sheikhe alifunga kitabu chake na kukunja miguu upya, kama msafiri aliyeghairi safari.

Jasho lilimtiririka bwana harusi. Alijaribu kuulegeza mkono wake, mzee akaukaza.

"Tulia, mwanangu. Ukimtaka binti yangu, jifunze kunisubiri mimi."

Kijana akatulia.

"Nimekuoza," mzee alisema taratibu, "binti yangu..."

Akanyamaza tena. Safari hii hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mikono miwili iliendelea kutetemeka juu ya mkeka, na hakuna aliyejua tena ni upi unaoutikisa mwenzake.