Asali Katika Chupa Bapa

Elifasi alikuwa ametimiza miezi saba bila kuonja pombe. Asubuhi hiyo binti yake, Salome, alikuja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu baba yake aache kunywa, na mkewe, Melina, alikuwa amenunua asali ya kupaka kwenye mkate. Kama ilivyo kawaida ya soko lao, asali iliuzwa katika chupa kuukuu, na hii ilikuwa chupa bapa ya pombe kali, iliyobakiwa na nusu ya lebo yake nyekundu.

Melina aliiweka katikati ya meza bila kufikiri.

Salome alizungumza taratibu huku akizungusha kikombe chake. Elifasi aliiona midomo ya binti yake ikicheza, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile lebo. Aliyaondoa, yakarudi. Akaomba kimoyomoyo, "Ee Bwana, nisaidie," yakarudi tena.

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Nimesema nini?"

Salome akayafuata macho ya baba yake mpaka kwenye chupa.

"Nilikuwa nakuomba unishike mkono kanisani siku ya harusi yangu," alisema. "Basi. Nitamwambia mjomba."

"Ni asali tu, mwanangu!" Melina alilia, akainyakua chupa na kukimbia nayo uani.

Mezani ilibaki alama ya asali, yenye umbo la kitako cha chupa. Sisimizi mmoja alikwisha kuifikia. Elifasi, macho yake yakiwa bado kwenye alama ile, alijua kwamba binti yake amesimama mlangoni na mkoba wake, akingoja baba yake ainue uso.