Kikao cha Mtelezo wa Theluji

Paliondokea mlima mmoja ambao wanyama wake walikuwa na mtelezo wa theluji, mali ya wote, wakiuteremka kwa makalio wapendavyo. Mwenyekiti wao alikuwa Nyati, mpenda taratibu. Mbega, mpenda makuu, alipotaka mtelezo urefushwe hadi kileleni, Nyati aliitisha kikao palepale. Desturi ya mlima ule ilikuwa kwamba jambo la umma hujadiliwa huku wenyewe wameketi juu yake. Basi wakaketi wote kwenye theluji, wamebanana.

"Ndugu Mwenyekiti, tukifika kileleni, wageni watatoka hata nyikani," alisema Mbega.

"Theluji ya kileleni ndiyo maji ya kijito chetu," alidakia Pimbi, mwenye wasiwasi na kila kitu. "Mkiimaliza, tutakunywa nini?"

"Ndugu Pimbi, subiri zamu yako."

Nyati alihakikisha kila mnyama anasema, kuanzia tembo hadi panya. Walibishana mchana kutwa mpaka wakatoka jasho, naye moyoni alijipongeza, maana hakuwahi kuongoza kikao cha haki kama kile. Jioni aliposimama ili kura ipigwe, alihisi makalio yamelowa. Akatazama chini. Joto la miili yao lilikuwa limeyeyusha mtelezo mzima, yamebaki matope.

Nyati akakohoa.

"Kikao kinaahirishwa," alisema. "Kesho tutaketi kileleni, kwenye theluji iliyobaki."

Wote wakaafiki. Pimbi alinyoosha mkono, akaambiwa asubiri zamu yake.